Masharti Aliyosomewa Chelel

Mama Priscah aliahirisha operesheni mara mbili kwa sababu ya ng'ombe. Mara ya kwanza alisema Chelel anakaribia kuzaa. Mara ya pili alisema Chelel amezaa. Mara ya tatu Sista Marion, nesi wa kliniki ya akina mama, alifunga faili, akamwangalia juu ya miwani.

"Mama, sasa huyo ng'ombe akikupa ruhusa, utakuja?"

"Nitakuja akipata mtu wa kumkamua," Mama akajibu.

Mimi nilikuwa nimeketi kando nikimshikia mkoba. Nimefanya kazi kwa Mama miaka minne, huku Kapseret, na najua sauti yake ya mzaha na sauti yake ya kweli. Hiyo ilikuwa ya kweli. Na mimi ndiye niliyekuwa nikifua shuka zake. Miaka miwili damu ilikuwa inamtoka bila mpango, kanisani anaketi benchi la mwisho na leso mbili kiunoni, na akitoka dukani anasimama mara tatu njiani kutafuta pumzi. Daktari alisema uvimbe umejaa kwenye kizazi, dawa zimeshindwa, kilichobaki ni kukitoa. Akatupa siku: Jumanne, wiki tatu kutoka siku hiyo.

Kwa hivyo nilikuwa na wiki tatu za kujaribu kumkamua. Chelel akinikubali, Mama anaenda. Akinikataa, Mama anabaki na shuka zake.

Chelel ni ng'ombe mweupe mwenye mabaka meusi mawili, moja usoni, moja mgongoni. Ndege zinaposhuka kwenda uwanjani zinapita juu ya banda lake zikinguruma mpaka mabati yanatetemeka, na yeye hata sikio hasogezi. Lakini mkono wa mtu mwingine ukimgusa kiwele, anafunga maziwa. Unakamua unapata kikombe kimoja, basi. Mwaka ambao Mama alienda matangani Timboroa, mumewe, Mzee Kimeli, alijaribu kumkamua. Alipigwa teke moja. Mpaka leo Mzee akipita nyuma ya Chelel anapita na fimbo na anapita mbali.

"Huyo si ng'ombe," husema Collins, kijana wao wa mwisho, mwenye pikipiki ya boda. "Huyo ni mama mkwe."

Shida haikuwa mikono yangu. Kwetu Soy nilianza kukamua nikiwa na miaka tisa. Shida ilikuwa mdomo. Mama hukamua akiongea. Humwambia Chelel habari zote: nani alichelewa kanisani, nani amenunua viatu, nani amegombana na nani kwa sababu ya ua. Chelel husimama hapo akitafuna, macho nusu, na maziwa hushuka kama mfereji umefunguliwa.

"Ongea naye," Mama aliniambia siku ya kwanza.

"Niongee nini, Mama?"

"Chochote. Habari za watu."

Sikuwa na habari za watu. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Nilipokuwa shuleni, kabla sijaachia darasa la sita, mwalimu alikuwa akiniandika sijafika na mimi niko pale mbele yake. Kanisani wakiniambia nisalimie watu, nasema jina langu, Linet, halafu nakaa. Sasa ningekaa chini ya ng'ombe nianze kupiga domo peke yangu, na Mama amesimama kwenye ua akisikiliza?

Nilijaribu njia ya kimya kwanza. Nilivaa kabuti la Mama, gambuti za Mama na kitambaa chake cha kichwa. Chelel alininusa kutoka bega mpaka magotini, akatulia. Nikakaa kwenye kigoda, nikaanza. Maziwa yakaja, fyu, fyu, na moyo wangu ukaruka. Kisha akageuza shingo, akanitazama usoni kwa muda mrefu, akafunga.

"Amekujua," Mama akasema kutoka kwenye ua.

Wakati huohuo nyumba nzima ilikuwa inatengenezwa. Sista Marion alikuwa ametusomea masharti ya kuishi nyumbani baada ya operesheni, haraka haraka, na Mama alikuwa akitingisha kichwa bila kusikiliza. Mimi niliyaandika kwenye daftari. Kuandika kwangu ni polepole, nikamwomba arudie, sauti yangu ikitoka kama ya panya, na Sista alirudia kila moja mpaka nikamaliza. Yalifika kumi na moja.

Kila sharti lilileta kazi yake. Sista alisema Mama asichuchumae, na choo chetu ni cha shimo. Mzee Kimeli akachukua kiti kizuri cha mbao, kile cha wageni, akakikata tundu, akakipiga msasa siku mbili mpaka kikang'aa. Akaenda kukijaribu chooni. Alikaa humo na redio nusu saa.

"Mzee, kiti ni cha mgonjwa!" Mama akamwita.

"Nakipima nguvu," Mzee akajibu kutoka ndani.

Sista alisema pia kitanda kisiwe cha chini, maana kuinuka kunavuta mshono. Collins akaleta mawe ya ujenzi, akakiinua kitanda miguu yote minne. Tulipomwita Mama aje aone, godoro lilikuwa limemfika kifuani.

"Collins, unataka niende mbinguni hata kabla ya operesheni?"

Akatoa mawe mengine. Tukafunga leso ndefu kwenye mguu wa kitanda, ili Mama ajivute nayo akiamka. Nikashusha sufuria, chumvi, majani na vikombe kutoka kwenye rafu ya juu, nikapandisha vya sakafuni, vyote vikakaa usawa wa kiuno. Nyumba ilikuwa tayari kabla ya wiki mbili kwisha. Ng'ombe bado.

Ni Collins aliyeleta wazo la simu. Aliingia bandani asubuhi Mama akikamua, akamrekodi dakika ishirini nzima. Jioni akanipa simu yake ya zamani, nikaitia kwenye mfuko wa kabuti, nikakaa kigodani. Sauti ya Mama ikatoka tumboni mwangu ikieleza jinsi mhubiri mgeni alivyosahau mistari. Chelel akalegea. Ndoo ikajaa mpaka povu likapanda. Mama alipiga makofi, na Collins akatembea kwenye boma kama aliyevumbua umeme.

Siku ya pili, kama kawaida, jirani yetu Tabby alikuja na jagi lake kuchukua maziwa. Alisimama mlangoni mwa banda kunisalimia. Na hapohapo Mama akasema kutoka mfukoni mwangu:

"...na Tabby, huyo nampenda sana, Chelel, lakini zile chapati zake! Hata wewe na hayo meno yako huwezi. Juzi nimekula moja nikadhani nimeng'ata kifuniko cha sufuria."

Niliitoa simu mbio. Vidole vyangu vilikuwa na maziwa na mafuta ya kukamulia, nikigusa kioo hakisikii. Nikapangusa kwenye kabuti, nikagusa tena. Mama akaendelea. Alikuwa amefika kwa chai ya Tabby.

"Linet, usizime," Tabby akasema, uso mkavu. "Wacha nisikie mwisho."

Alisikia mwisho. Alichukua maziwa yake akaenda zake, na mimi sikula chakula cha jioni. Asubuhi alirudi amebeba sahani imefunikwa kwa kitambaa, akapita moja kwa moja mpaka kwa Mama, ambaye alikuwa anachagua maharagwe.

"Mama Collins, habari ya asubuhi. Nimeleta chapati sita."

"Oh! Asante. Za nini?"

"Za Chelel."

Mama alimwangalia. Akaniangalia mimi. Nikaangalia maharagwe. Ndipo akaelewa, akashika kichwa kwa mikono miwili, na kicheko kilichomtoka kilimfanya akae chini. Tabby alijaribu kubaki na hasira yake, ikamponyoka, wote wawili wakawa wanafuta machozi. Walikula chapati mbili na chai. Mama akasema ni laini leo. Tabby akasema, "Uongo huo ungeurekodi."

Lakini simu haikuingia bandani tena. Mama alikataa. "Nina majirani wengine," alisema.

Zikabaki siku nane. Jioni hiyo niliingia kwa Chelel na kabuti tu. Nilipaka mafuta, nikashika, nikavuta. Hakuna. Nikamkanda kiwele kwa maji ya moto. Hakuna. Nilifungua mdomo niseme kitu, nikaufunga. Nyuma yangu Mama alikuwa ameegemea ua, na nilisikia pumzi yake, ile fupi ya mtu aliyepungukiwa damu.

Kisha akasema bila hasira, "Si makosa yako, mwanangu. Kesho nitampigia Sista, nimwambie mwezi ujao."

Kama angenigombeza ingekuwa afadhali. Niliweka mkono kwenye mfuko wa kabuti kutafuta kitambaa cha kujifuta macho, nikashika daftari. Nilikuwa nikitembea nalo ili nikariri masharti. Nikalifungua juu ya goti. Kuongea siwezi, nikafikiri, lakini kusoma ni maneno ya Sista, si yangu.

"Namba moja," nikamwambia Chelel. "Usiinue kitu kizito kuliko birika la chai. Wiki sita."

Sikio lake moja likasogea.

"Namba mbili. Tembea kidogo kila siku, hata kama ni kuzunguka nyumba. Usilale tu. Namba tatu. Ukikohoa au ukicheka, shikilia mto juu ya tumbo..."

Nilisikia kabla sijaona. Fyu, ndani ya ndoo. Fyu. Nikavuta kwa mkono wa pili, ikaitika. Sikuthubutu kunyamaza. Nilisoma kuhusu maji mengi na mboga na matunda, ili choo kisiwe kigumu. Nilisoma kuhusu kuoga na kukausha mshono vizuri. Nilipofika namba saba niliruka, nikaenda namba nane: homa, usaha, damu nyingi, mguu kuvimba, uende hospitali hapohapo, usingoje. Nikamaliza kumi na moja, nikarudi moja. Chelel akafunga macho nusu.

Nilipoinua kichwa, ndoo imejaa, Mama bado yuko kwenye ua.

"Umeruka namba saba," akasema.

"Mama, hapana."

"Ng'ombe ana haki ya kujua."

Namba saba ni ile inayosema mume na mke wasikutane kwa wiki sita. Sista Marion alikuwa ameisema akimwangalia Mzee Kimeli, na Mzee alikuwa akiangalia kalenda ya ukutani. Mimi niliiandika kwa herufi ndogo sana.

Mama hakumpigia Sista simu. Kila asubuhi na kila jioni nilimsomea Chelel, na siku ya nne sikuhitaji daftari. Jumatatu, tukimfungia Mama nguo kwenye mkoba, alikaa juu ya kile kitanda kilichoinuliwa, miguu ikining'inia kama ya mtoto.

"Wengine kanisani wananiambia nitabaki mtupu," akasema.

Nikakunja leso.

"Mimi nasema hivi. Kizazi kimenipa watoto wanne. Kimefanya kazi miaka mingi bila likizo. Kistaafu kama mwalimu, kipewe hata saa ya ukutani, tuachane kwa amani." Alicheka, halafu akanishika mkono na kuushikilia. "Chelel umemweza, Linet. Mimi sina kisingizio tena. Ndiyo maana naogopa."

"Tutakuwa hapa, Mama," nikasema. Ilikuwa sentensi nzima, na ilitoka vizuri.

Operesheni ilienda salama. Mama alirudi Jumamosi, amekaa mbele kwenye gari la kukodi, mto umefungwa tumboni kwa leso, akimpigia dereva kelele kila tuta. Alijivuta kitandani kwa ile leso ya mguu wa kitanda, akalala, akageuza uso kwenye dirisha. Kutoka hapo linaonekana banda.

"Umekamua?"

"Nimekamua, Mama."

"Lita ngapi?"

"Saba za asubuhi."

"Kwangu anatoa tisa," akasema, lakini nilimwona akitabasamu kwenye mto.

Wiki ya kwanza alitii. Wiki ya pili maumivu yakapungua, na hapo ndipo Sista alikuwa ametuonya kwenye namba tisa: ukijisikia umepona, bado hujapona.

Alhamisi ya wiki hiyo walikuja akina mama wa kanisa, kumi na wawili, na kila mmoja na kitu: ndizi, sukari, mkate, chupa ya maziwa ya mursik iliyofungwa kwenye kanga. Waliimba, wakaomba, wakakaa. Tabby alinisaidia kupanga viti, lakini chai ni yangu, na chai ya watu kumi na wawili haiivi haraka. Saa ya kukamua ikapita. Chelel akalia mara moja. Mama akageuza kichwa. Nilienda jikoni kuchukua vikombe. Chelel akalia mara ya pili, kwa sauti ndefu ya malalamiko.

Niliporudi na trei, kitanda kilikuwa kitupu.

"Ameenda msalani," mama mmoja akaniambia. "Ametembea vizuri kabisa, sifa kwa Bwana."

Nikaangalia dirishani. Mama alikuwa ameshapita choo. Alikuwa mlangoni mwa banda na slipa zake, mkono mmoja umeshika mto tumboni, mwingine unanyooka kuchukua kigoda.

Sijui trei niliiweka wapi. Najua niliegemea dirisha, mbele ya wageni wote wale, na sauti iliyotoka ilitisha hata kuku.

"MAMA! NAMBA NNE! USIINAME, USICHUCHUMAE! NA NAMBA MOJA!"

Tabby akasema polepole, "Kumbe huyu mtoto ana koo."

Nilitoka mbio. Wageni nao wakatoka, na vikombe vyao. Nilipofika bandani Mama alikuwa bado amesimama, kigoda kiko chini mbele yake.

"Analia, Linet. Kiwele kitamuuma. Nikamue tu hizi chuchu mbili za mbele, nikisimama."

"Mama, hakuna ng'ombe anakamuliwa mtu akisimama."

"Basi kamua wewe. Nione."

Nikavuta kigoda kingine, nikakaa. Nikapaka mafuta. Nyuma ya ua walijipanga akina mama kumi na wawili na Tabby, na Mzee Kimeli amekuja na fimbo yake, amesimama mbali. Mikono ikaanza, na Chelel akafunga. Bila shaka. Sijasema neno. Nilisikia slipa za Mama zikisogea kwenye nyasi, hatua moja, kuja kwa kigoda.

"Namba moja," nikasema. "Usiinue kitu kizito kuliko birika la chai."

"Anamsomea nini?" mtu akanong'ona.

"Masharti ya hospitali," Tabby akanong'ona. "Nyamaza."

Nilienda mbili, tatu, nne. Chelel alikuwa amezoea banda lisilo na watu, si macho ya kanisa zima, na bado alifunga. Nikaona masharti hayatoshi. Anataka habari. Nikafunga macho, nikaegemeza kichwa kwenye ubavu wake wenye joto.

"Chelel," nikasema, "leo tuna wageni. Wameleta ndizi nyingi. Wamemwombea Mama apone, na Mama akasema amina kwa nguvu kuliko wote, halafu akatoroka kama mtoto wa darasa la pili. Ameaga anaenda msalani. Kwenye kile kiti cha Mzee. Unakumbuka kile kiti? Mzee alikipima nguvu. Mpaka leo anakipima. Jana amekipima na habari za saa moja na habari za saa mbili."

Kicheko kilianzia kwa mtu mmoja kwenye ua na kukimbia mpaka mwisho wa mstari. Na chini ya vidole vyangu kitu kikalegea. Fyu. Fyu. Maziwa yakapiga ndoo.

"Na Tabby yuko hapa," nikaendelea, sasa siwezi kuacha. "Siku hizi chapati zake ni laini, anasema anamwogopa ng'ombe."

"Linet!" Tabby akapiga yowe.

Mama alikuwa amekumbatia mto kwa mikono miwili, machozi yanamshuka. "Acha! Acha, mwanangu, nyuzi zitakatika! Namba tatu! Namba tatu!"

"Rudi kitandani, Mama, basi nitanyamaza."

"Usinyamaze, atafunga."

"Basi rudi, ndiyo nisinyamaze."

Alinitazama mimi, akatazama ndoo, povu limefika nusu. Alisogeza kigoda chake kando kwa ncha ya slipa, kama mtu anayeweka kitu ambacho hatakihitaji leo. Akampa Tabby mkono, wakageuka, wakaenda polepole wakizunguka nyumba, kama inavyosema namba mbili. Akina mama wengine hawakurudi ndani. Walibaki kwenye ua na chai yao, na mmoja akauliza, "Na hayo masharti mengine ni gani? Mimi pia daktari ameniambia." Nikaanza upya kutoka moja, kwa sauti ya kufika nyuma.

Nilikuwa nimefika tano, sita, nane, wakati dirisha la chumba cha Mama lilipofunguka.

"Umeruka namba saba!"

Wote wakageuka. Nilivuta pumzi. Nikaisoma, yote, neno kwa neno, bila herufi ndogo.

Mzee Kimeli alikohoa, akachukua fimbo yake, akaenda kuangalia kama lango limefungwa. Chelel akatoa lita tisa.